Punje ya Kahawa Begani

Mama alianza kunirushia punje za kahawa kabla mtu yeyote hajasema kwamba sisikii. Nakuwa nimeinama namenya ndizi, yeye yuko nyuma yangu kwenye mafiga, mara kitu kidogo kinanigonga begani. Nageuka. "Lete maji," ananiambia, au, "Mfunge mbuzi." Nilidhani ni utani wake tu. Nyumbani kwetu Nyanga kikapu cha akamwani, zile kahawa za kutafuna anazokaribishwa nazo mgeni, hakikosekani karibu na mlango wa jiko. Punje moja, begani, nimeitwa.

Naanzia hapo kwa sababu watu wananiuliza ilianza lini, nami sina siku ya kuwatajia. Sasa niko kidato cha nne, nina kifaa kichwani, na nasikia. Naandika kwa ajili ya mtu ambaye leo amekaa kwenye benchi la hospitali, anaangalia mlango, na hajui ni nini kinamjia. Mambo ya kitaalamu sitayaeleza, maana sikuyasomea. Nitaeleza nilivyoona.

Mimi ni mtu wa aibu tangu utoto. Mgeni akiingia mimi natokea mlango wa nyuma. Kwa hiyo masikio yalipoanza kuniacha, nikiwa kidato cha pili, hakuna aliyeshtuka. Mtu mwenye maneno mengi akinyamaza watu huuliza kulikoni. Mimi nilikuwa nimenyamaza siku zote. Nilitabasamu tu na kutikisa kichwa, na nikasifiwa kwa adabu. Mwalimu wa jiografia alikuwa na tabia ya kufundisha huku amegeukia ubao. Nikawa nayakosa maneno yake yote, naandika yale tu aliyoyachora. Rafiki yangu Asimwe ndiye wa kwanza kuchoka.

"Kemi, nimekuambia kuku wetu amekanyagwa na bodaboda, halafu wewe unacheka?"

Nikacheka tena, maana na hilo sikulisikia.

Masika ya mwaka ule ule nilishikwa na kiu. Nilikunywa maji nikiwa nimesimama kwenye mtungi, kata juu ya kata, na bado mdomo ulikuwa mkavu. Sketi ya shule ikaanza kushuka, nikaikaza kwa pini. Nikawa natoka darasani kwenda chooni hadi wavulana wakaanza kuhesabu kwa sauti, jambo ambalo Asimwe alikuja kuniambia baadaye, maana mimi sikuwasikia, na kwa mara hiyo moja nikashukuru.

Asubuhi moja nilijisaidia haja ndogo migombani, nyuma ya jiko, kwa kuwa choo kilikuwa na mtu. Jioni nikamkuta Mama amesimama mahali pale pale. Sisimizi walikuwa wamejaa hapo, weusi tii, wanakwenda na kurudi. Mama hakuwa na hasira. Alikuwa anawaangalia kama mtu anayemwona mgeni aliyemfahamu zamani, akidhani hatarudi tena. Kisha akaenda kuchota majivu jikoni, akawafunika wote, akasawazisha kwa mguu. Kesho yake akamwambia Baba nipelekwe hospitali.

Hospitali ya mjini Bukoba tulikaa kwenye benchi refu la mbao lililosuguliwa na watu hadi likang'aa. Nesi anatoka, anaita jina, anarudi ndani. Sikuwa nasikia majina, kwa hiyo Mama aliweka mkono wake juu ya goti langu, na jina langu lilipoitwa akalibana. Nilikuja kuujua ule mkono kuliko saa. Ukilegea, bado. Ukibana, zamu yetu.

Wakasema sukari iko juu sana. Wakasema na masikio yote mawili yamepungua nguvu. Daktari akauliza kama kuna ndugu mwenye sukari au asiyesikia. Baba ndiye aliyejibu, kama inavyokuwa kwetu, baba wa nyumba akiwapo ndiye anayejibu.

"Kwetu hakuna," alisema.

Alisema kweli. Mama alikuwa amekaa pembeni yake na mkoba mapajani. Daktari akaandika. Nikapewa sindano za kujidunga tumboni na, baada ya majuma kadhaa, mashine za masikio. Nilijifunza kujidunga nikimwangalia Mama usoni. Yeye alikuwa anaangalia sindano.

Shangazi Justina, dada mkubwa wa Baba, hakuridhika. Anaishi Ijuganyondo kwenye kibanja cha babu, yaani shamba la migomba la ukoo, na jambo lolote la ukoo lazima lipite mikononi mwake. Akawaita ndugu wa Baba. Wakakaa, wakahesabu ukoo kuanzia babu wa babu: nani alikuwa kiziwi, nani alilaaniwa, nani alizikwa vibaya. Hawakupata mtu. Sisi mwiko wa ukoo wetu ni pongo, yule mnyama wa porini. Hatumli, hata chungu alichopikiwa hatukitumii. Basi Shangazi akapata jibu.

"Huyu mtoto kila likizo anakwenda Muleba kwa wajomba zake," alisema. "Wale pongo kwao ni nyama kama nyama nyingine. Amelishwa kule. Mwiko unababua ngozi, unaziba masikio, sisi tumeyaona."

"Hajala pongo, waitu," Mama akasema kwa heshima.

"Ulikuwa unamchungulia kwenye sahani?"

Ikaamuliwa nisikanyage tena Kamachumu, huko huko Muleba, kwa watu wa Mama. Leo nikikaa peke yangu huwa nafikiria hilo. Walikuwa wameelekeza kidole mahali penyewe kabisa. Ila walikuwa wanatafuta kile nilicholishwa kule, hakuna aliyefikiria nilichozaliwa nacho.

Kiangazi kikaja, kahawa zikaanikwa kwenye mikeka, nami nikawa naona kila kitu kinapungua sauti. Kwanza walipotea ndege. Halafu kengele ya kanisani. Halafu sauti za watoto, halafu za wanawake. Mashine za masikio zilinipa makelele tu, kama mtu anayekokota bati. Nilizivaa kwa ajili ya Baba, aliyekuwa akinisogelea kila jioni na kusema neno moja tu, "Kemi," halafu anasubiri. Nilimwangalia mdomo, nikaitika. Naamini alijua.

Mvua za Novemba zilipoanza, nilikuwa sisikii kitu. Mtu ambaye hajaishi chini ya bati la Bukoba hawezi kuelewa. Mvua yetu ikinyesha watu huacha mazungumzo mpaka ipite. Mimi nilijua inanyesha kwa kuona ndoo inajaa. Senene, wale panzi wa kuliwa, wakashuka. Jirani zetu wakakimbia na ndoo na magunia, vinywa wazi, mikono juu, nami nimesimama mlangoni naona watu wanapiga kelele bila kelele. Nilipokaa na Mama kunyonyoa senene, alikuwa ananirushia punje moja baada ya nyingine. Wakati mwingine nikigeuka, hakuwa na la kusema. Alitaka tu kuona kama nitageuka.

Rufaa ya kwenda Dar ilitoka baada ya mwaka mpya. Hospitali ile ni kubwa, na pale pa kusubiria watu ni wengi na feni hazitoshi. Karibu yangu alikaa mwanamke mwenye mtoto mdogo aliyefungwa bendeji kichwani. Mtoto alikuwa anachezea kiatu changu. Mama yake akanikatia kipande cha chapati yake bila kuniuliza jina. Nimesahau mengi ya siku ile, ile chapati sijaisahau.

Daktari alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sura ya mtu asiyelala vizuri. Maneno yaliyosemwa humo ndani nilisimuliwa na Mama baadaye. Siku yenyewe niliona midomo tu.

"Katika ndugu kuna mwenye sukari, au asiyesikia?"

"Kwetu hakuna," Baba akasema. "Marehemu baba yangu alikuwa anamsikia mwizi akiwa bado shambani kwa jirani."

Daktari hakuandika. "Na upande wa mama?"

"Wale ni ukoo mwingine," Baba akasema kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia.

"Mzee wangu, sikuuliza ukoo. Nimeuliza damu." Akamgeukia Mama. "Mama, kwenu?"

Mama akamwangalia Baba kwanza. Halafu akaangalia mkoba wake. Halafu akaanza kusema, na hapo akavuta kanga mdomoni, kwa hiyo hata midomo sikuiona tena. Niliona uso wa Baba tu. Niliuona unabadilika polepole, kama maji yanavyobadilika unapoyatia majivu.

Bibi yangu, mama yake Mama, alifariki akiwa kiziwi, na sukari ilikuwa imemla miguu. Dada yake Mama alifuata njia hiyo hiyo. Kaka yao, yule ninayemwita Malumi, ambaye kwa Kihaya ndiye mjomba, aliacha kusikia akiwa kijana, na sisi tuliomjua tulidhani ni homa ya zamani tu. Mama alisema yote. Baada ya hapo akasema, "Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Damu yangu ikapelekwa kupimwa mbali, tukangoja karibu msimu mzima. Majibu yaliporudi daktari alinieleza mwenyewe, polepole, akinitazama, na mengine akayaandika. Ugonjwa uko kwenye zile sehemu za mwili zinazotengeneza nguvu. Mtoto anaurithi kwa mama yake. Baba hawezi kumrithisha mtoto. Hauponi. Masikio yangu hayatarudi, lakini kuna kifaa wanachopandikiza kinachoyaruka masikio yenyewe na kupeleka sauti ndani, na kwa watu kama mimi kinafanya kazi vizuri. Shida ni usingizi wa dawa. "Mwili wako hauna akiba," aliandika, akaupigia mstari. Lazima moyo upimwe kwanza. Akafuta dawa moja ya sukari niliyokuwa nimeongezewa, akasema hiyo haifai kwa mtu mwenye ugonjwa huu.

Akamwambia na Mama: naye apimwe, sukari na masikio.

"Kwanza mtoto," Mama akajibu.

Nawaomba mnaosoma mshike hili moja. Ukiulizwa hospitali habari za ndugu, usihesabu watu wa baba peke yao kwa sababu ndio wenye ukoo na kibanja. Muulize mama yako. Muulize akiwa peke yake, na umpe muda.

Tuliporudi Nyanga, Shangazi alikuja siku hiyo hiyo. Alikaa, akapewa akamwani, akatafuna, akasema, "Basi si yetu. Ni ya kwao. Tumshukuru Mungu." Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake, nimemsoma midomo neno kwa neno. Mama akainuka kwenda kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu. Kwa siku nyingi baada ya hapo alikuwa ananihudumia kama mtu mwenye deni. Ananipa kipande kikubwa cha samaki, halafu anatoka nje.

Baba alikuwa hasemi. Nilidhani amemkasirikia Mama. Pasaka ilipofika akavaa koti lake la kanisani akasema tunakwenda Kamachumu, wote watatu. Hakumuaga dada yake.

Malumi alikuwa amekaa uani kwenye kiti cha kamba. Alikuwa amekonda. Kope zake zilikuwa zimeshuka, mpaka ilimbidi anyanyue kidevu ili anione vizuri. Alipotaka kusimama kumsalimu shemeji yake, miguu ikakataa, akarudi chini akicheka. Nilimwangalia kope, nikaangalia miguu yake. Hakuna aliyeniambia kwamba naangalia siku zangu za mbele, lakini nilijua.

"Wewe mtoto," alisema kwa Kihaya, na midomo yake ilisomeka kirahisi kuliko ya mtu yeyote, "umechukua masikio yangu bila hata kupiga hodi."

"Ulikuwa huyatumii, Malumi," nikamjibu.

Hakunisikia, bila shaka. Nikarudia kwa nguvu. Naye akarudia lake kwa nguvu. Tukawa tunapayuka wote wawili, hakuna anayemsikia mwenzake, mpaka jirani akaja mbio kuuliza nani anapigana. Mama alicheka hadi akaketi chini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Dar.

Tulipokuwa tunakula, Mama alikuwa ameingia jikoni. Malumi alichukua punje ya kahawa kwenye sahani, akanirushia begani ili nimtazame. Nikashangaa.

"Hata Mama ananiita hivyo," nikamwambia, taratibu, ili asome.

"Atakuitaje tena? Ndivyo tulivyokuwa tunamwita mama yetu. Tangu sisi wadogo. Yeye ndiye alikuwa na shabaha kuliko wote." Akaonyesha kwa kidole kuelekea jikoni.

Nikaacha kula. Nikakumbuka punje ya kwanza, kabla ya Asimwe, kabla ya kiu, kabla ya sisimizi. Mama alikuwa ananiita kama anavyoitwa mtu asiyesikia, wakati mimi mwenyewe nilikuwa bado nadhani watu wameanza kuongea chinichini. Mkono wake ulikuwa umejua. Sikumuuliza siku hiyo. Hata kama ningekuwa na aibu ndogo kuliko hii, nisingejua nianzie wapi.

Niliingia chumba cha upasuaji katikati ya kiangazi. Hawakuniacha na njaa muda mrefu kama wagonjwa wengine. Nilitundikiwa dripu ya sukari tangu mapema, na nesi alikuwa ananichoma kidole kila mara kuangalia. Walikuwa wameninyoa nywele nyuma ya sikio. Daktari wa usingizi alimwambia Baba, na Baba hakunificha, kwamba wana matumaini ila hawaahidi. Mama aliweka mkono kwenye goti langu mpaka mlangoni. Alipoutoa, goti likawa baridi.

Nilipoamka nilijua nimeamka kwa sababu ya kutapika. Kichwa kilikuwa kizito upande mmoja, ulimi una ladha ya chuma, na dunia ikawa inazunguka nikigeuka. Kimya kilikuwa kile kile. Walikuwa wameniambia kwamba kifaa hakiwashwi mpaka kidonda kipone, lakini kuambiwa ni jambo moja. Yale majuma ya kungoja niliyaogopa kuliko upasuaji. Ukishapasuliwa huna tena cha kutegemea isipokuwa kile kilichomo kichwani.

Siku ya kuwasha, mtaalamu alibandika sumaku nyuma ya sikio, akabonyeza kompyuta. Nikasikia senene wamefungiwa kwenye debe. Ndivyo ilivyokuwa. Wanakwaruza, wanarukaruka. Nikamtazama Mama, mdomo wake ukawa unacheza pamoja na wale senene, na nikaelewa kwamba ile ndiyo sauti yake. Nililia, na si kwa furaha. Nilidhani wamenirudishia dunia nyingine.

Mtaalamu akasema, "Mpe muda. Ubongo utajifunza."

Tukajifunza. Kila jioni Mama alikaa mbele yangu, akafunika mdomo kwa ungo, akataja vitu: ndizi, maharage, jembe, kahawa. Mimi narudia. Mwanzoni vyote vilikuwa senene. Halafu siku moja "jembe" likatoka kwenye debe likasimama peke yake. Halafu Baba akikohoa. Halafu, masika iliyofuata, mvua kwenye bati. Nilikaa kitandani nikiisikiliza mpaka Baba akaja kuuliza kama naumwa.

Tulikuwa tunabadilishana ungo, kwa mchezo tu. Mimi nafunika mdomo, Mama anarudia. Nikisema "mboga", yeye anasema "mbona". Nikisema "kisu", anasema "nini?" Akawa anacheka. "Unamumunya maneno kama babu yako," aliniambia. Baadaye akawa anasema amechoka, tuishie hapo. Akawa hataki kushika zamu ya kusikiliza kabisa. Baba alimkumbusha mara mbili habari ya kupimwa. Alijibu kahawa bado hazijakauka.

Malumi sasa yuko kitandani. Moyo umechoka. Mimi mwenyewe bado najidunga, moyo wangu unapimwa kila nikienda Dar, na nikipanda kilima cha shule miguu inaniwaka kuliko zamani. Sitawadanganya kwamba yamekwisha. Nimepewa kitu kimoja, nami nakitumia.

Wiki iliyopita niliingia jikoni nikiwa nimetoka shule. Mama alikuwa amenipa mgongo, anachambua mchele karibu na dirisha. Kwenye mafiga maziwa yalikuwa yanafurika. Niliyasikia kabla sijayaona, yanachuruzika kwenye makaa, tsss, tsss.

"Mama, maziwa."

Vidole vyake viliendelea na mchele.

"Mama."

Nikapandisha sauti, nikamwita kwa Kihaya kama nilipokuwa mdogo. "Maawe."

Maziwa yalikuwa yanaungua. Ningeweza kwenda kumgusa, ilikuwa hatua chache tu. Sijui kwa nini sikwenda. Mkono wangu ulikuwa umeshaingia kwenye kikapu karibu na mlango.

Ikampata begani. Kabla hajageuka aliweka kiganja pale ilipompiga, akakiacha hapo. Ndipo akageuka. Hakuangalia maziwa, wala hakuniangalia mimi. Aliangalia punje iliyokuwa imeanguka sakafuni karibu na mguu wake, kwa muda mrefu, kama alivyowaangalia wale sisimizi.

Nikaenda kuipua sufuria. Niliporudi alikuwa ameiokota.

"Umeniita sana?" aliuliza.

"Kidogo."

"Usinifiche."

"Nimeita sana, Mama."

Akaipangusa ile punje kwenye kanga, akaitia mdomoni, akaitafuna taratibu. Niliisikia ikivunjika.

"Jumatatu tutakwenda," akasema. "Tutakaa lile benchi. Wewe uweke mkono gotini kwangu, maana ndiye utakayesikia wakiniita."